Vile Viatu Havikuwa Sampuli

Xiaobei, Guangzhou

Tumpe mwanangu,

Mizigo yako iko mlangoni na wewe umelala, au unajifanya umelala, kama unavyofanya kila unapochoka kunisikiliza. Sitakuandikia habari za pasipoti, wala jinsi ya kubadilisha ndege, wala nani atakupokea Dar es Salaam. Hayo nimeyarudia wiki nzima mpaka umekuwa ukiyasema kabla yangu. Nakuandikia kwa sababu uliniomba kitu kimoja na mimi nikakujibu habari za kilo.

Uliniomba vile viatu vyeusi vidogo, uende navyo Tukuyu ukaviweke kwenye kaburi la mdogo wako. Nikasema, "Kilo zako zimeshajaa." Ukanitazama kidogo, ukarudi kukunja nguo.

Treni ya Hong Kong inaondoka asubuhi. Nikikaa kimya mpaka uipande, utaondoka na lile neno nililolisema mbele ya watu siku ya sherehe ya Walatini, na mimi nitabaki nalo humu ndani kama mgeni asiyeaga.

Niruhusu nianze mbali kidogo. Unasema mimi sijui kujibu swali bila kulipeleka kwanza darasani. Ni kweli. Niliacha kufundisha jiografia zamani, lakini chaki haijanitoka mikononi.

Unajua kwamba Mama Reme nilikutana naye kabla yako, kwenye basi la Shiling, sote wawili tukienda kununua mikoba. Mjane wa Meksiko, mfupi, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Alinisikia nikimweleza abiria mwingine kwa nini miji ya viwanda hukaa karibu na maji, na tangu siku hiyo akaniita Profesa. Kiingereza chake kilikuwa cha sokoni, changu cha shuleni, na palipopelea tulijaza Kichina cha kuulizia bei. Tulikuwa hatujafika nusu ya safari aliponiuliza:

"Profesa, wafu wako wanakaa wapi?"

"Kaburini, mama. Wanakaa wapi tena?"

"Maskini! Peke yao mwaka mzima?"

Nikacheka, nikatazama nje. Yeye akaendelea kula karanga zake kana kwamba ameuliza habari za mvua.

Wewe ulipokuja kukaa nami baada ya kidato cha nne, ni yeye aliyekuchukua kama binti yake. Na kila mwaka, maonyesho makubwa ya biashara yakishafungwa na wanunuzi wengi wakisharudi makwao, wale Walatini waliobaki mjini walifanya sherehe yao ya sanaa: wafanyabiashara wa Kolombia na Panama, wanafunzi wa Peru, Wameksiko wa Mama Reme. Wenye picha walizochora walizitundika. Wenye magitaa walileta magitaa. Na kwa kuwa ilikuwa siku za mwanzo wa Novemba, ambapo kwao Meksiko wafu hukaribishwa nyumbani, palikuwa daima na ile meza ndefu ya wafu, yenye picha zao, chakula chao, mishumaa na maua. Mimi nilialikwa kila mara na kila mara nilikuwa na kontena la kushughulikia.

Mwaka huu nyumba yetu iligeuka karakana. Ulipanga karatasi za rangi moja juu ya nyingine, ukazichonga kwa patasi ndogo na nyundo, na vipande vikawa vinaelea mpaka kwenye chai yangu. Mama Reme alikuonyesha namna ya kutengeneza mifupa inayocheka: mifupa inaendesha baiskeli, mifupa inasuka nywele. Wewe ukachonga wako mwenyewe, mfupa umejitwika robota la vitenge kichwani, mkononi umeshika kikokotoo, unabishania bei na mfupa mwingine mnene wenye kitambi. Sijui mfupa unapataje kitambi, lakini ulikuwa nacho. Papa Mwamba, na Kiswahili chake cha Kongo, alipouona alicheka mpaka akashika ukuta. "Oyo ni laoban wangu, ule Mchina mwenye duka! Kabisa! Hata akishakufa hatapunguza bei!"

Jioni ile ndipo uliponiambia kuwa hutaki kusomea biashara, unataka chuo cha sanaa Bagamoyo. Nikakuuliza nani anakula karatasi. Nilidhani ni hoja. Leo naona lilikuwa swali la mtu anayeogopa nyundo yako isije ikafika mahali fulani.

Sasa nikueleze mahali penyewe.

Mdogo wako Lusajo alipokuwa darasa la tano, kabla ya safari yangu ya mwisho aliyoniaga, alinifuata mpaka kituo cha basi. Nilimuuliza nimletee nini. Nilitegemea mpira, au saa. Akasema, "Viatu vinavyolia." Mwalimu mkuu wao alikuwa na viatu vya soli ngumu, darasa zima lilimsikia akiwa bado yuko kona, ko, ko, ko, na kila mtu akakaa sawa. Lusajo alitaka asikike kabla hajaonekana. Nikamwahidi.

Nilivinunua hapa hapa Guangzhou. Nilisimama kwenye duka la jumla nikigonga kiatu baada ya kiatu juu ya meza ya kioo, nikisikiliza, na mwenye duka akanipigia kelele nitamvunjia kioo. Nilipata nilivyovitaka. Vyeusi, kisigino kigumu kama jiwe. Nilivibeba mkononi bila mfuko mpaka hotelini, na mapokezi wakaniambia kuna simu kutoka Tanzania, wamepiga mara nyingi, watapiga tena.

Homa ilimchukua kwa siku chache tu. Wewe unazijua siku hizo, mimi sizijui.

Sikilizeni, ndivyo nilivyowaambia kwenye simu ile. Nilisema kontena langu liko Huangpu linapakiwa, wakala anasema lisipofungwa sasa litaikosa meli, nikiondoka kila kitu kitakaa bandarini. Nilisema nitakuja meli ikishaondoka. Nilisema zikeni. Sauti yangu ilikuwa ya mtu anayeagiza mzigo, na hilo halikunishtua wakati ule. Lilinishtua baadaye, nilipoisikia sauti hiyo hiyo nikimwambia mtu apakie mabeseni.

Nikatuma vitambaa. Ulikuwa utaratibu wetu sisi wafanyabiashara: asiyeweza kufika msibani hutuma vitenge vya sare kwa ajili ya waombolezaji. Nilichagua vizuri, zambarau yenye ndege weupe. Vilifika matanga yameshaanuliwa. Mama yako akavipanga dukani pamoja na vitenge vingine. Mwaka uliofuata nilipokwenda nyumbani nilikutana na msiba wa mwanangu sokoni, umevaliwa na wanawake wanaonunua nyanya, wanacheka. Nikageuza gari. Sikwenda kaburini. Nililala gesti Mbeya, nikasema nina homa.

Na kuna jambo lingine ambalo sikuwahi kukuomba radhi. Ulipopata nafasi ya kuzungumza nami kwenye simu baada ya maziko, ukiwa mtoto bado, uliniambia babu yako alicheza. Wazee walileta ngoma, wakaikanyaga ardhi pale kaburini, na babu akawa mbele yao na fimbo yake. Nilikufokea wewe. Nilisema, "Wanacheza mimi nimefiwa?" Kana kwamba wewe ndiye uliyepiga ngoma.

Niliyajua mambo yale. Nimeyasoma na nimeyaona. Zamani kwetu msiba ulichezwa. Wanaume walikanyaga chini kwa nguvu mpaka vumbi likapanda kiunoni, na wanawake wakapita katikati yao wakilia. Kanisa likaja likasema tuimbe. Mimi mwenyewe, nikiwa mwalimu kijana na mzee wa kanisa, niliwahi kusimama kwenye msiba wa jirani nikawaambia wazee waache. Wakaacha. Niliona nimeshinda. Nilichokuwa sikijui ni kwamba babu yako alikuwa miongoni mwao, ameishusha fimbo yake, ananitazama tu.

Basi vile viatu vikabaki kwangu. Nilivitia kwenye sanduku la bluu. Mwaka uliofuata nilipita kwenye duka lile lile, mguu wa mtoto wa umri wake ungekuwa umekua, nikagonga juu ya kioo, nikanunua vingine. Na mwaka uliofuata vingine. Papa Mwamba aliwahi kulifungua sanduku akitafuta sindano. "Mwalimu, ivi biatu byote bya nini?" Nikasema, "Sampuli." Wakala akauliza, nikasema sampuli. Wewe ulipohamia hapa ukafagia chini ya kitanda ukauliza, nikasema sampuli, na ukaniangalia namna ile ile uliyoniangalia juzi nilipokujibu habari za kilo. Mtu akilisema neno mara nyingi hulizoea. Katika biashara yetu sampuli ni kitu ambacho bado hujakinunua. Unakishika, unakigeuza, unakirudisha. Ilinifaa sana mimi.

Sasa sherehe.

Unakumbuka vita vya maua. Mama Reme alinunua maua ya njano soko zima, na mwenye hoteli alipoyaona yanapanda ngazi kwenda ukumbini akatoka mbio na mikono juu. "Bu hao! Bu hao! Haifai!" Kwao Wachina maua yale ni ya makaburini. "Hii ni hoteli! Wageni wataona picha za wafu watakimbia!"

"Wageni wako hawajakimbia mende," Mama Reme akamwambia, "watakimbia maua?"

Ulitafsiri wewe, na nilisikia kwamba ulipunguza makali. Wakapatana kwamba chini ya meza litandikwe jekundu, rangi ya heri, na meza igeuzwe isitazame mlango. Hayo ulinisimulia mwenyewe, ukicheka, asubuhi ile ukichoma ndizi mbichi jikoni. Nilisikia harufu ya ndizi. Hatuchomi ndizi hapa. Sikukuuliza ni za nani.

Nilichelewa kufika. Nilipoanza kupanda ngazi nikasikia juu yangu miguu. Tumpe, nilishika reli. Ilikuwa miguu ya viatu vigumu inakimbia juu ya mbao, ko-ko-ko, ko-ko-ko, inasimama, inakimbia tena. Mimi sauti ile naijua. Naisikia hapa nyumbani, mara nyingi mchana, juu ya dari. Na juu yetu hapakai mtu; juu yetu ni paa. Sikuwahi kumwambia yeyote. Lakini siku moja ulikuwa unakata vitunguu, na kisu chako kikasimama, ukainua macho darini. Nami nikainua. Kisha wewe ukaendelea na vitunguu na mimi nikaendelea na redio.

Ukumbini ilikuwa ni ngoma yao. Kijana na msichana juu ya jukwaa dogo la mbao, migongo imenyooka kabisa, mikono imetulia, miguu tu ndiyo inayosema. Yule mwanafunzi wa Peru amekalia sanduku analipiga kwa viganja. Mtu mmoja ana kinubi. Bendera zako za karatasi zimetanda juu, mifupa yote inatikisika kwa upepo wa feni, na nilipomwona yule laoban wako mwenye kitambi nikajikuta natabasamu. Nilisimama nyuma nikiwatazama wale wawili wanavyokanyaga, na nikamwona babu yako. Sikumwona kama ndoto. Nilielewa tu, kama mtu anavyoelewa ramani akishageuziwa upande sahihi. Ardhi haisikii nyimbo. Ukitaka aliye chini ajue uko hapo, unakanyaga.

Ndipo nikageuka kuitazama meza.

Vilikuwa katikati ya picha ya mama mzazi wa Mama Reme na ya mwanajeshi fulani wa Kolombia. Vyeusi, vidogo, umevipaka dawa. Mbele ya viatu sahani ya ndizi za kuchoma na kikombe cha chai. Nawe umesimama pembeni na nguo yako ya kanisani. Mama Reme alikuwa anakuuliza, "Na ndizi hivi, bila chumvi?" Ukamjibu, "Bila chumvi. Alisema chumvi inaziharibu."

Sikuwa najua hilo. Nilijua namba ya mguu wake, kila mwaka, hata baada ya kufa. Sikujua kwamba alikula ndizi bila chumvi.

Mama Reme akaniona. Akanyoosha mikono. "Profesa! Hatimaye! Njoo utuambie, huyu mwenye viatu ni nani?"

Watu wakageuka. Na Papa Mwamba, ambaye alikuwa amekuja kwa ajili ya chakula, akanishika kiwiko, akanong'ona kwa sauti ambayo wote waliisikia: "Mwalimu, weye unaona? Bafu, batu benye kufa, banapikiwa! Na sisi batu ya sala tunaangalia tu?"

Usimlaumu. Hakujua. Kama angekuwa kimya ningesema neno lile lile, kwa kuwa lilikuwa limeshakaa ulimini.

Nikasema, "Si vya mtu. Ni sampuli tu. Mtoto amekosea."

Nikavichukua mezani, nikavitia mfukoni mwa koti, kimoja kulia, kimoja kushoto. Uso wako ulikuwa wa siku ya maziko, nadhani; mimi sikuuona siku ile, kwa hiyo niliuona siku hii. Nikashuka ngazi. Nyuma yangu muziki ulikuwa umesimama, na vile viatu vilikuwa vinanigonga mapajani kila hatua.

Kesho yake nilikwenda kuchukua sahani zetu. Mama Reme alikuwa bado hajaiondoa meza. Ile nafasi kati ya mama yake na yule mwanajeshi ilikuwa pale pale, tupu, ndizi zimekauka mbele yake. Nikamwambia angesogeza picha, meza ingependeza. Akanijibu bila kuacha kukunja vitambaa:

"Sikuisogeza, Profesa. Kuna mtu pale."

Tumpe, nimekuwa mwalimu, na maisha yangu yote nimedhani kwamba jambo likielezwa vizuri linakuwa limetendeka. Usinirithi hapo. Na nilidhani kutolitaja jina la Lusajo ni kulitunza. Kumbe nilikuwa nimemweka barabarani, hafiki kwetu, hafiki kwao, anatembea juu ya dari ya watu akisubiri baba yake amwambie aingie au aende. Sijui kama hiyo ni dini au ni mawazo ya mzee asiyelala. Mchungaji akikuuliza, sema ni mawazo ya mzee.

Nenda Bagamoyo. Sitauliza tena nani anakula karatasi. Lakini kabla hujaenda, kaa Tukuyu kidogo, uwafuate wazee waliobaki wakuonyeshe ule mkanyago wa msibani, mguu gani unaanza na ngoma inabadilika wapi. Babu yako miguu imekwisha nguvu lakini bado anaweza kukuelekeza kwa fimbo. Mwambie ni mimi niliyeomba. Atanyamaza kwanza. Msubiri.

Sasa habari ya kilo.

Unajua desturi yetu hapa: msafiri hana kilo zake. Kila anayeondoka hubebeshwa, na nisingethubutu kumwacha mtu apande ndege na sanduku lenye nafasi. Ndiyo maana ulikuwa na blauzi za duka la mama yako, na furushi la Papa Mwamba la mtu wa Dar, na vile vioo vya simu. Nimevitoa vyote. Viko juu ya kochi. Papa Mwamba nitamweleza mwenyewe, na safari hii nitamweleza sababu yenyewe. Ndani ya sanduku, katikati ya nguo zako, nimeweka viatu vyeusi vidogo, nimevifungia kwenye ile bendera ya mfupa uliojitwika robota. Viweke vikitazama nyumba. Weka na ndizi. Bila chumvi.

Vile vingine visikusumbue. Nitavigawa kwa watoto wa hapa ambao vitawatosha. Nimebakiza jozi moja, ya mwaka huu. Lusajo sasa angekuwa mwanamume, na nilipoinunua sikutambua nilichokifanya: ni namba yangu. Nimeivaa. Inanitosha kama iliyopimwa kwangu.

Nitakuja nayo. Wakala ana kontena langu Huangpu linalosubiri kufungwa, nimemwambia alifunge mwenyewe au aliache. Wewe utatangulia na mimi nitafuata, wiki hiyo hiyo. Mama yako ataviona miguuni mwangu atauliza. Usimweleze wewe. Kazi hiyo ni yangu, na kuikanyaga ile ardhi ni kazi yangu, hata kama nitaikanyaga vibaya na wazee wanicheke.

Nimetembea navyo kidogo sebuleni, kuvizoesha. Vinalia kweli. Kama umesikia huko kitandani mtu akienda na kurudi, ko, ko, ko, usiinue macho darini, mwanangu. Usiku huu ni mimi.

Baba yako